Risala ya Satoshi katika Mizani ya al-Maqrizi

 

Inapotajwa sarafu ya Bitcoin katika misikiti na mabaraza yetu, watu hugawanyika mafungu mawili. Fungu moja husema ni kamari iliyovishwa nguo ya kompyuta, na wanaoitumia ni wajinga au wezi. Fungu la pili husema ni fedha ya uadilifu, iliyokuja kuwaokoa watu na riba ya mabenki. Mafungu yote mawili yanafanana katika jambo moja, nalo ni kuwa wengi wao hawajaisoma risala iliyoianzisha sarafu hiyo. Wanavyuoni wa usuli wametufundisha kuwa hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu kitu chenyewe. Kwa hiyo katika makala haya tutaisoma risala hiyo kama tunavyosoma matni yoyote: imesema nini, imenyamazia nini, na waliokuja baada yake wameizidishia nini. Pembeni yake tutaweka risala nyingine, iliyoandikwa Misri zaidi ya miaka mia sita iliyopita, kwa sababu risala zote mbili zinazunguka swali moja: ni kitu gani kinachowafanya watu wakikubali na kukithamini kitu kisicholiwa wala kuvaliwa?

Risala yenyewe yasema nini

Tarehe 31 Oktoba 2008, wiki chache baada ya kuanguka kwa benki ya Lehman Brothers huko Marekani, mtu aliyejiita Satoshi Nakamoto alitoa kwa njia ya intaneti risala ya kurasa 9. Mpaka leo haijulikani kwa yakini kama ni mtu mmoja au kundi. Tarehe 3 Januari 2009 programu yake ilianza kazi, na ndani ya fungu la kwanza la daftari lake kuliwekwa kichwa cha habari cha gazeti la The Times la London la siku hiyo, kilichohusu waziri wa fedha wa Uingereza kukaribia kuyaokoa mabenki kwa mara ya pili. Wengi wanakichukua kichwa hicho kuwa ndiyo nia ya mwandishi.

Lakini risala yenyewe haikujishughulisha na benki kuu wala sera za fedha. Malalamiko yake ni madogo kuliko hayo. Inasema kuwa malipo ya intaneti yanategemea mtu wa tatu aaminiwe, yaani benki. Kwa kuwa benki hulazimika kuamua migogoro ya wateja, gharama hupanda, malipo madogo madogo hayawezekani, na muuzaji hawezi kupata malipo yasiyorudishwa nyuma. Swali lake basi ni hili: watu wawili wasiojuana watalipana vipi bila ya benki kati yao? Noti ya karatasi ukimpa mwenzio imekutoka mkononi. Kitu cha kompyuta hunakiliwa. Nani atamzuia mtu asilipe sarafu ile ile mara mbili?

Jawabu lake ni daftari moja la wazi ambalo nakala zake zimetawanyika katika kompyuta nyingi. Malipo hukusanywa katika mafungu, na takriban kila dakika 10 fungu moja hufungwa na kuunganishwa na lililotangulia. Kufunga huko kunahitaji kazi ngumu ya hesabu inayokula umeme, na anayetangulia kuifunga hupewa ujira wa sarafu mpya. Anayetaka kubadilisha yaliyoandikwa jana lazima airudie kazi yote iliyofanywa tangu jana, tena awapite wenzake wote mbio. Ujira huo ulianza kwa sarafu 50 kwa kila fungu, na hupungua kwa nusu kila baada ya mafungu 210,000: ukawa 25 mwaka 2012, 12.5 mwaka 2016, 6.25 mwaka 2020, na 3.125 mwaka 2024. Jumla ya sarafu zote haitazidi milioni 21.

Hapa msomaji azingatie jambo. Idadi hiyo ya milioni 21, ambayo leo hutajwa kama nguzo ya kwanza ya itikadi ya wafuasi, haimo katika risala. Imo katika programu. Risala inasema tu kuwa sarafu zitakuwa na idadi iliyopangwa kabla, kisha inapita. Na neno la mfumuko wa bei limeguswa kwa kupita vile vile. Mwandishi alikuwa anatafuta njia ya kulipa, na wafuasi wakaipokea kama ghala la kuwekea akiba. Hizo ni haja mbili mbalimbali, na mengi ya mabishano ya leo yanatokana na kuzichanganya.

Kasoro ya kwanza: kuhama kwa mali si thamani ya mali

Tunakiri kuwa risala ni fupi, imepangwa vizuri, na swali iliyojiuliza imelijibu. Kasoro yake ni swali ambalo haikujiuliza. Inaifafanua sarafu kuwa ni mnyororo wa saini: huyu kampa huyu, na huyu kampa yule. Huo ni ushahidi wa kuhama kwa kitu kutoka mkono hadi mkono. Katika fiqhi, ushahidi kuwa kitu kimehama ni mlango mmoja, na kujua kama kitu hicho ni mali yenye thamani ni mlango mwingine. Hati inaweza kuwa sahihi kwa kila herufi, ikawa inahusu kitu kisichokuwa na faida kwa mtu yeyote.

Ishara pekee ya thamani katika risala ni pale inapowafananisha wanaofunga mafungu na wachimbaji wa dhahabu, wanaotumia nguvu na mali kuongeza dhahabu sokoni. Kutokana na mfano huo baadhi ya wafuasi wakasema kuwa umeme uliotumika ndio thamani ya sarafu. Hoja hii haisimami. Mtu akichimba shimo mchana kutwa kisha akalifukia jioni, amechoka kwa hakika, lakini hakuna atakayemlipa kwa uchovu wake. Dhahabu haithaminiwi kwa sababu inachimbwa kwa taabu. Inachimbwa kwa taabu kwa sababu inathaminiwa.

Na yaliyotokea yanaonesha hivyo. Tarehe 22 Mei 2010, mtu mmoja huko Florida alitoa Bitcoin 10,000 akapata piza mbili. Kabla ya hapo sarafu hizo zilikuwepo kwa zaidi ya mwaka mzima, na daftari lilikuwa lile lile, na umeme ulikuwa ukitumika. Kilichozaliwa siku ile ni mtu wa kukubali. Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini sarafu hii inathaminiwa asiitafute sababu katika hesabu za risala. Aitafute kwa watu.

Al-Maqrizi na shaba ya Misri

Taqiyyuddin Ahmad al-Maqrizi (766–845 H) aliwahi kuwa muhtasibu wa Cairo, yaani msimamizi wa masoko, mizani na vipimo. Mwaka 808 H, baada ya njaa na ughali ulioiangamiza Misri, aliandika risala yake Ighathat al-Umma. Hakuridhika kusema kuwa Mto Nile ulipungua na basi. Alitaja sababu tatu zilizotoka kwa watu: vyeo vya serikali na vya dini kuuzwa kwa rushwa, kodi za mashamba kupandishwa mpaka wakulima wakakimbia, na kuenea kwa fulusi za shaba mahali pa dhahabu na fedha.

Hii ya tatu ndiyo inayotuhusu. Alieleza jinsi mkuu mmoja wa Kimamluki, Mahmud bin Ali, alivyoagiza shaba kutoka nchi za Ulaya na kuifua fulusi kwa wingi kwa ajili ya faida yake, huku dirhamu za fedha zikiacha kufuliwa na watu wakiziyeyusha kuwa mapambo. Bei zikawa zinahesabiwa kwa fulusi, na fulusi zikawa zinapimwa kwa ratili kama bidhaa. Aliyekuwa na mshahara au wakfu wa kiwango maalumu aliangamia, na aliyekuwa karibu na kinu cha kufulia alitajirika.

Lugha yetu wenyewe imeihifadhi habari hii. Neno fedha limetokana na jina la Kiarabu la madini yale meupe, na maneno fulusi na pesa yote mawili asili yake ni vipande vya shaba, kimoja cha Waarabu na kingine cha Wahindi. Mswahili anayasema yote matatu kwa maana moja, na huenda hajui kuwa anazitaja pande mbili za ugomvi wa al-Maqrizi.

Hukumu yake ilikuwa kali: fedha kwa sharia, kwa akili na kwa ada ni dhahabu na fedha tu, na shaba ni ya vitu duni. Katika hilo la mwisho tunamheshimu wala hatumfuati. Inapokelewa kuwa Umar bin al-Khattab (R.A.) aliwahi kufikiria kufanya dirhamu za ngozi ya ngamia, akaacha alipoambiwa kuwa ngamia wataisha. Imam Malik alisema kwa maana kuwa lau watu wangeipitisha ngozi baina yao ikawa na chapa na sarafu, angechukia iuzwe kwa dhahabu na fedha kwa kucheleweshana. Na Ibn Taymiyya akaeleza kuwa dirhamu na dinari hazina mpaka wa kimaumbile wala wa kisharia, bali zinarejea katika ada na mapatano ya watu. Kauli hizi tatu zinaonesha kuwa mlango wa kitu kingine kuwa fedha haukufungwa. Alichokiona al-Maqrizi kwa usahihi ni kitu kingine: mkono ulioshika kinu cha sarafu ukikosa kizuizi, huila mali ya watu bila ya kuingia majumbani mwao.

Je, serikali ndiyo inayotoa thamani?

Wapo wanaosema kuwa Bitcoin haiwezi kuwa na thamani kwa sababu hakuna serikali nyuma yake. Hoja hii tunaipima kwa historia.

Katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, kama ilivyokuwa Yemen na Uhabeshi, riale ya Maria Theresa ilipita mikononi mwa wafanyabiashara katika karne ya 19. Ilikuwa na sura ya malkia wa Austria na mwaka 1780, na iliendelea kufuliwa kwa mwaka huo huo muda mrefu baada ya malkia mwenyewe kufa. Hakuna mtu wa Unguja au Lamu aliyekuwa raia wa Austria. Waliijua fedha iliyomo, wakaijua chapa, wakaikubali.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Serikali ya Somalia ilianguka Januari 1991 na benki kuu ikafa pamoja nayo. Shilingi ya Somalia haikufa. Wasomali waliendelea kuuziana kwa noti zile zile, bila benki wala waziri wa fedha. Lakini wafanyabiashara na wakuu wa vita wakaanza kuagiza noti mpya zilizochapwa nje, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kuwazuia, noti ya shilingi 1,000 ilishuka mpaka ikakaribia gharama ya karatasi na wino wake. Mwaka 2017 Shirika la Fedha la Kimataifa lilikadiria kuwa takriban asilimia 98 ya noti zilizokuwa zikitumika ni za bandia.

Mfano wa tatu ni Kurdistan ya Iraq. Mwaka 1993 serikali ya Saddam Hussein iliiondoa noti ya zamani ya dinari 25. Wakurdi, waliokuwa wametengwa na Baghdad, wakabaki nayo. Noti hizo, walizoziita dinari za Uswisi, hazikuwa na serikali iliyozikubali, wala hakuna aliyeweza kuziongeza. Baghdad ikachapa noti zake bila kipimo. Ulipofika mwaka 2003, dinari moja ya zamani ilibadilishwa kwa dinari mpya 150. Huko Kongo nako, mwaka huo huo wa 1993, serikali ya Mobutu ilipotoa zaire mpya, watu wa Kasai waliikataa na wakaendelea na zaire ya zamani kwa miaka kadhaa.

Kwa hiyo kauli kuwa hakuna thamani ila kwa amri ya serikali ni kauli dhaifu. Watu wameikubali fedha isiyo na serikali, na wameikataa fedha yenye serikali na askari.

Lakini wafuasi wa Satoshi wasifurahi upesi, maana kwa mifano hii wao nao wana la kujibu. Wanasema: illa ya thamani ni uchache, na milioni 21 haizidi. Tunasema: illa hupimwa kwa kuwepo na kutokuwepo. Zimetolewa sarafu za kompyuta maelfu zenye kikomo cha idadi kama Bitcoin, na nyingi kati yake hazina mnunuzi. Hapo uchache upo na thamani haipo. Na ipo Dogecoin, iliyotolewa mwaka 2013 kwa mzaha, isiyo na kikomo chochote, kwani kila mwaka huongezwa sarafu bilioni 5. Nayo watu wameinunua kwa mabilioni ya dola za Marekani. Hapo uchache haupo na bei ipo. Illa inayovunjika pande zote mbili si illa. Uchache ni sharti la kuihifadhi thamani isiyeyuke, kama Somalia inavyoshuhudia, lakini haiumbi thamani. Hata dinari ya Wakurdi ilipanda zaidi kila watu walipotarajia kuwa Saddam ataondoka na serikali itakayokuja itaitambua. Chini ya uchache kulikuwa na matumaini, na matumaini hayafungwi ndani ya programu.

Kwa nini watu waliikimbilia

Ikiwa thamani inatoka kwa watu, basi tuwatazame watu wenyewe, na tuzitenganishe sababu zao.

Lebanon, tangu mwaka 1997, dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na lira 1,507.5. Oktoba 2019 mabenki yalifungwa, na yalipofunguliwa wenye amana wakazuiwa kutoa dola zao. Februari 2023 bei rasmi ikapelekwa lira 15,000, na baadaye 89,500. Mwaka 2022 watu waliingia mabenki kwa silaha, nyingine za kweli na nyingine za kuchezea watoto, wakidai akiba yao wenyewe. Mtu wa namna hii akiitafuta njia ya kuweka mali yake pasipo benki, atalaumiwa kwa lipi? Kabla ya kumuuliza yeye kuhusu gharari, aulizwe aliyezuia amana.

Nchini Nigeria, Oktoba 2020, baadhi ya waliokuwa wakikusanya michango kwa ajili ya waandamanaji walifungiwa akaunti za benki, wakapokea michango kwa Bitcoin. Februari 2021 Benki Kuu iliyaamuru mabenki kufunga akaunti za wanaofanya biashara ya sarafu hizo. Watu wakahamia kuuziana mtu kwa mtu. Oktoba 2021 Benki Kuu ikatoa sarafu yake ya kompyuta, eNaira, yenye serikali nzima nyuma yake, na watu wengi hawakuigusa. Desemba 2023 zuio la mabenki likaondolewa.

Afghanistan, baada ya Agosti 2021, Marekani ilizuia takriban dola bilioni 7 za benki kuu ya nchi hiyo zilizokuwa New York, na fedha za wananchi wasio na hatia zikakwama pamoja nazo. Wengine walirudi kwenye hawala ya wazee wao, na wengine wakajaribu sarafu za kompyuta, mpaka watawala wapya nao wakazipiga marufuku mwaka 2022.

Hawa wote ni watu wenye dhiki ya kweli. Lakini zingatia walichokichagua. Huko Lebanon na Uturuki, ambako mfumuko wa bei ulifika asilimia 85 Oktoba 2022, wengi wa wenye haja ya kuhifadhi akiba hawakuishia kwenye Bitcoin. Walinunua Tether, sarafu ya kompyuta iliyofungwa kwenye dola ya Marekani, yenye kampuni inayoitoa na inayoweza kuzizuia sarafu za mtu ikitaka. Yaani walirudi kwa yule mtu wa tatu ambaye risala ya Satoshi ilitaka kumwondoa. Hii inatuonesha kuwa walichokimbia ni mwenye amana aliyefanya hiana, na walichokitafuta ni kipimo kinachotulia. Kutokuwepo kwa msimamizi hakukuwa shabaha yao.

Kundi la mwisho, na ndilo tunaloliona zaidi kwa vijana wetu, halina dhiki hii. Linanunua leo ili liuze kesho kwa bei ya juu, halijui risala wala daftari, na linahesabu faida na hasara yake kwa dola au shilingi. Kulitetea kundi hili kwa machozi ya mama wa Beirut ni kuazima udhuru wa mtu mwingine.

Uaminifu uliorudi kwa mlango wa nyuma

Dai kubwa la risala ni kuwa uaminifu hauhitajiki tena. Daftari lenyewe limetimiza ahadi yake kwa kiasi kikubwa. Lakini watu wengi hawaliendei daftari moja kwa moja; huweka sarafu zao kwa makampuni ya kubadilishia. Februari 2014 kampuni ya Mt. Gox ya Tokyo ilianguka ikitangaza kupotelewa na takriban Bitcoin 850,000, na baadaye 200,000 hivi zikapatikana. Novemba 2022 ikaanguka FTX, na mwanzilishi wake akahukumiwa miaka 25 jela mwezi Machi 2024 kwa ulaghai. Hakuna hata sahifa moja ya daftari iliyoghushiwa katika matukio hayo mawili. Kilichovunjika ni amana, na amana ni jambo la moyo na la hakimu.

Kisha risala inahesabu kuwa malipo kutorudishwa nyuma ni fadhila. Kwa muuzaji ni fadhila kweli. Lakini fiqhi ya mauziano imempa mnunuzi hiari ya kurudisha kwa sababu ya aibu iliyofichwa, ikamsifu anayekubali kuvunja mauziano kwa hisani, na ikampa kadhi uwezo wa kumrudishia aliyedhulumiwa. Mfumo usiomruhusu kadhi kurudisha haki umemwondoa benki mwenye ujira, na pamoja naye umemwondoa mtetezi wa mnyonge. Risala haikulipima hili.

Na mirathi je? Mtu akifa na ufunguo wake wa siri moyoni, mali yake huonekana na dunia nzima katika daftari, na hakuna mrithi atakayeigusa. Ni mali isiyogawika, kama jahazi lililozama mahali panapojulikana na pasipofikika. Anayemiliki sarafu hizi na asiandike wasia wa namna ya kuzifikia, amewadhulumu warithi wake na wadai wake.

Fatwa na rai yetu

Maulamaa wa zama hizi wamekhitalifiana. Dar al-Ifta ya Misri iliiharamisha, ikataja gharari, ulaghai, na kuingilia haki ya mtawala katika kutoa sarafu. Baraza la Maulamaa la Indonesia, Novemba 2021, lilikataza kuitumia kama fedha. Baraza la Sharia la Kamisheni ya Dhamana ya Malaysia, mwaka 2020, liliruhusu kimsingi biashara ya mali za kidijitali kwa masharti. Nayo Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi, katika kikao chake cha Dubai mwaka 2019, haikukata hukumu, ikataka utafiti zaidi.

Tunaona kuwa hoja ya serikali, peke yake, haitoshi kuifanya haramu kwa dhati yake. Mifano iliyopita inatosha kuidhoofisha. Ina nguvu katika mlango mwingine, nao ni utiifu kwa sheria za nchi katika mambo ya maslahi. Na sheria hubadilika: Benki Kuu ya Tanzania iliikataza kwa tangazo la Novemba 2019, na mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 katika uhamishaji wa mali za kidijitali, Kenya nayo mwaka 2025 ilitunga sheria ya watoa huduma za mali hizo. Muislamu aulize sheria ya nchi yake kabla ya kuulizia bei.

Hoja ya gharari na dhara ina nguvu zaidi. Fedha kwa al-Ghazali ni kama hakimu baina ya bidhaa, na kama kioo kisicho na rangi yake. Desemba 2017 Bitcoin moja ilikaribia dola 20,000, na mwaka mmoja baadaye ikawa chini ya 4,000. Novemba 2021 ilifika karibu 69,000, na Novemba 2022 ikawa chini ya 16,000. Desemba 2024 ikapita 100,000. Hakimu anayebadilisha hukumu namna hii hafai kuketi. El Salvador, iliyoifanya fedha halali Septemba 2021, iliirekebisha sheria yake Januari 2025 na kuondoa ulazima wa kuipokea.

Kwa hiyo rai yetu, na juu ya kila mwenye elimu yuko mjuzi zaidi, ni kama ifuatavyo. Ni mali, kwa sababu watu wameithamini na kuimiliki: mwenye kuiiba ni mwizi, mwenye kuikopa anadaiwa, na mwenye nayo ikafika nisabu na ukapita mwaka atoe zaka yake, asilimia 2.5. Ama thamani ya kuwa kipimo cha bei haijatimia, maana hata wanaolipa kwayo huhesabu kwa dola. Asitaje mtu mahari ya kucheleweshwa kwayo, wala mkopo wa miaka, maana mmoja wa wawili atadhulumika bila shaka. Na ijapokuwa kauli sahihi katika madhehebu yetu ya Kishafi, kama alivyoithibitisha an-Nawawi, ni kuwa riba ya nakidi haiingii katika fulusi hata zikienea, mtu asiifanye kauli hiyo ngazi ya kukopesha Bitcoin moja arudishiwe moja na nusu. Mkopo wenye sharti la ziada ni riba katika kila mali.

Mwisho, tunarejea kwa muhtasibu wa Cairo. Al-Maqrizi hakuwalaumu wauza mboga waliozipokea fulusi. Alimlaumu aliyezifua na waliouza vyeo. Watu hawakuikimbilia risala ya kurasa 9 kwa kuvutiwa na hesabu zake, ambazo wengi hawazielewi. Waliikimbilia kwa sababu walikabidhi amana ikaliwa, wakaweka akiba ikayeyuka. Kuwaharamishia mlango wa kutokea na kunyamaza juu ya moto uliomo nyumbani si nasaha kamili. Wenye kushika vinu vya sarafu katika nchi zetu wakipima kwa haki, nusu ya thamani ya sarafu hizi itaondoka bila ya fatwa wala marufuku. Nusu iliyobaki ni tamaa, na hiyo dawa yake haiko benki kuu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.